Mufuko wa pili

Nilienda kusalimia mugonjwa mu hospitali moja hapa Bukavu, nikarudi mudomo wazi. Bwana mumoja alikuwa amegongwa na moto, pikipiki, kwenye njia ya Kavumu, damu ilimutoka sana. Infirmière, muuguzi, aliomba watu wamutolee damu. Bibi yake alikunja mikono: "Mie naogopa shindano initoboe mukono."

Mara akaingia deuxième bureau, muke wa pembeni mwenye mutaa muzima tunamujua, tayari amepandisha mukono wa nguo. "Mukamate yangu."

Bibi akaruka. "Damu yako iingie mu bwana yangu? Kesho utakaa mu salon yangu, utasema we ni ndugu yake! Maman infirmière, toa yangu, toa yote!"

Shindano ikaingia, hakulia hata kidogo. Infirmière akasema polepole: "Maman, mufuko mumoja wa damu hautoshi."

Sisi wote masikio wima. Bibi akamuangalia mwenzake, kisha akaondoa kikapu chake kwenye kiti cha pembeni.

"Ikala hapa. Fanya mbio, mbele ya kubadilisha roho yangu."

Padri anatufundisha kutoa kwa upendo. Mie niliona wivu ukijaza mufuko wa kwanza. Ule wa pili, mpaka leo sijui niuite nini.