Kitambaa Chekundu Kisichofuliwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika mkasi. Fundi Mkuu, mtu wa pwani aliyefika Kindu na wafanyabiashara kabla Wazungu hawajajenga kituo chao, alinipa kipande cha merikani, ile pamba nyeupe, akaniambia nikikunje mara nne, nikikunjue, nikikunje tena. Nilikuwa nimetoka kwetu Tunda, kijana mwenye mke na majivuno, nikaona ananichezea. Jioni akanionyesha mikunjo.

"Inapokutana, hapo ndipo katikati ya nakshi. Ukikosea hapo, pembe zote zitakusuta."

Tulishona mifarishi, matandiko ya tabaka mbili yaliyojazwa sufi katikati. Nakshi haikuchorwa kwa kubahatisha. Tulikata kwanza kiolezo cha ngozi ya mbuzi, tukakizungushia mkaa juu ya merikani. Juu ya kaniki, ambayo ni nyeusi, tulitumia unga wa muhogo uliolowekwa. Kisha tulikata vipande, tukavipanga chini, tukarudi nyuma kuvitazama. Fundi Mkuu alitaka jicho lipate pa kupumzika: kila penye rangi kali, pembeni paachwe patupu. Mimi nilibuni nyayo za chui, doa kubwa moja na madogo manne, mekundu juu ya merikani, na sikuona haya kujisifu.

Nyekundu ilitoka kwenye kitambaa tulichokiita bendera. Sharti lake lilikuwa kukiloweka, kukifua na kukianika, tena na tena, mpaka maji yatoke safi. Zilipita siku nne au tano kabla ya kukikata, nasi tulinung'unika zote.

Safari moja Fundi Mkuu alikwenda Kasongo, akaniachia kibaraza tulichoshonea. Akaja mfanyabiashara wa mtaani kwetu. Mkewe, binti wa kijiji cha ng'ambo ya mto, aliumwa kifua na hakuinuka tena. Walikuwa wameagiza mfarishi wa nyayo za chui.

"Fundi, kila siku anauliza. Anataka auone tu."

"Nyekundu bado haiyafuliwa, bwana."

"Utafua nini? Muntu iko anakufa."

Nilimhurumia. Sikufua. Nilishona usiku na mchana, nikaupeleka.

Baada ya siku mbili mama yule alifariki. Mumewe aliomba jeneza, lile la kubebea lisilo na kifuniko, lifunikwe kwa mfarishi ule, nami nikawa mmoja wa wabebaji. Njiani mvua kubwa ikatushika. Kaburini tulipoufunua mfarishi, sanda ilikuwa na wekundu kifuani.

Kaka wawili wa marehemu walikuwa wamevuka mto na mikuki yao. Hawakupiga kelele. Mkubwa alimwuliza mume, "Shemeji, dada yetu alikufa na ugonjwa, ao na mukono yako?"

Kaka mdogo alikuwa amekwisha kusimama nyuma ya mume. Mimi nilitazama sanda, nikaona doa kubwa moja na madogo manne. Niliogopa, nasema kweli. Ningenyamaza, jina langu lingebaki safi na mtu angechomwa mkuki.

Niliuchukua mfarishi nikaukamulia juu ya kanzu yangu nyeupe. Maji mekundu yakatiririka mpaka magotini.

"Hii njo rangi, haiko damu," nikasema. "Mimi njo nilishona. Sikufua kitambaa. Huyu bwana hana kosa."

Kaka mkubwa aligusa kanzu yangu, akanusa vidole vyake. Akauchomeka mkuki ardhini.

"Tumuzike dada," akasema.

Shehe aliyekuja kuzika alisema rangi si najisi. Marehemu akazikwa na sanda ile ile.

Fundi Mkuu aliporudi hakunitukana. "Kwa kuwa ulisema ukweli, nakushukuru," aliniambia. "Mkasi utaushika nitakapokuamini tena." Nilikaa miaka miwili nikichora violezo tu, na nilistahili. Baadaye kibaraza kilikuja kuwa changu, mpaka macho yalipokataa sindano.

Vijana wakiniuliza, nawaambia wafue bendera hata mteja akilia. Lakini mume yule alinisimamisha siku moja sokoni.

"Zile siku mbili alikuwa anapitisha kidole juu ya nyayo," alisema. "Akaniuliza, chui hii inaenda wapi?"

Ningefua, asingeuona. Nafundisha kufua, na nikibaki peke yangu nafurahi kwamba sikufua. Furaha hiyo inanitisha, maana kutofua kule nusura kumuue mtu.