Zamu ya Jumuiya kwa Mdogo Wangu

Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kupata stashahada ya ustawi wa jamii, na ada nilijilipia mwenyewe kwa kuuza viazi Dar es Salaam. Nilirudi Mbeya nikiwa na gari na maneno ya kitaalamu. Nayataja haya ili msidhani nilichokifanya Iringa kilitokana na kukosa elimu.

Mdogo wangu wa kike anaishi Iringa na binti yake wa miaka saba mwenye usonji. Mtoto hasemi, hapendi kelele, na anaweza kuzungusha mfuniko wa sufuria asubuhi nzima. Majirani walikuwa na maelezo yao: laana, jini, dawa za uzazi. Jumuiya ya kanisa, ambayo husali kila Jumamosi nyumba kwa nyumba, ilikuwa imeiruka nyumba yake mara mbili. Kwa upendo, bila shaka. "Tunajua una mzigo, mama," alisema mwenyekiti.

Nilikwenda kwa mwenyekiti nimevaa koti, na zamu ikarudi. Nikaahidi pia kutoa somo.

Ijumaa jioni nilimwambia mdogo wangu, "Kesho mtoto akae chumba cha nyuma. Asije akanikatiza."

Alikuwa anachambua mchele. "Somo lenyewe ni la nini, kaka?"

"Kutowaficha watoto."

Akanitazama kidogo. "Haya, kaka."

Nilifundisha vizuri; hilo sitalificha. Hata wanaume waliacha kuchungulia simu. Nilipomaliza, bibi mmoja aliyekaa kwenye mkeka akasema, "Umesema vizuri, mwanangu. Na huyo mtoto yuko wapi?"

"Amelala," nikajibu.

Mlango wa chumba cha nyuma ukagongwa kwa mfuniko. Ukagongwa tena.

"Analala kwa kelele," bibi akasema, na watu wakacheka chinichini.

Mdogo wangu hakucheka. Alisimama, akaenda kufungua. Binti akapita katikati yetu bila kumwangalia yeyote, akakaa chini karibu na chupa ya chai na kuanza kuzungusha mfuniko wake sakafuni. Mama mmoja akavuta kanga yake na kusogea pembeni.

"Anauma?"

"Haumi," mdogo wangu alisema. "Anachochukia ni kelele. Mkiimba, imbeni taratibu."

Wimbo wa kufunga waliuimba kwa sauti ya chini mno, nami sikuongoza. Mtoto hakuziba masikio. Yule mama wa kanga alikuwa ameacha kuimba, anauangalia mfuniko unavyozunguka.

Wakati wa kuagana mwenyekiti alitangaza kuwa Jumamosi inayofuata ni kwake, kisha akamgeukia mdogo wangu. "Utakuja naye?"

"Mkiimba hivihivi, nitakuja naye."

"Basi tutaimba hivi."

Nikajitolea kubaki wiki nzima ili nitoe somo la pili.

"Wewe rudi tu Mbeya, kaka," mdogo wangu akasema, akikusanya vikombe. "Una kazi nyingi."