Handaki Lililomaliza Wachimba Kisima

Nakumbuka asubuhi moja ya Oktoba, mwanangu, nilipompokonya mzee mmoja watu arobaini nikajiona mwanamume. Nakusimulia kwa kuwa juzi umechaguliwa kuingia serikali ya kijiji, na tayari umeanza kutembea umetanua mabega. Mimi niliyatanua yangu zamani, najua yalinifikisha wapi.

Kijiji chetu cha ujamaa, ng'ambo ya reli ukitokea Kigwa, kilipangwa mahali pasipo na maji. Wanawake walishuka bondeni kabla ya jua kuchomoza, wakarudi limeshawafika utosini. Mwaka ule kijiji kikamleta Mzee Maganga wa Kwihara, fundi wa visima aliyerithi kazi hiyo kwa baba yake. Wanaume arobaini walipewa zamu za kumsaidia. Walichimba, wakavuta udongo kwa ndoo na kamba, wakapita pima nane, na udongo ukaanza kutoka mbichi. Mzee akasema zimebaki pima mbili, tena zichimbwe na kisima kijengewe mawe kabla ya mvua, la sivyo kuta zitabomoka.

Ndipo vita vya Kagera vilipozuka. Mimi nilikuwa kamanda wa mgambo, nimetoka mafunzoni majuzi tu, nina kofia mpya na filimbi shingoni. Redio ilisema wananchi tukae macho. Nami kwa akili zangu changa nikaona adui anakuja moja kwa moja kutafuta kijiji chetu, kana kwamba hana shughuli nyingine duniani. Nikaamuru lichimbwe handaki upande wa kaskazini, nyuma ya nyumba, na wale arobaini wote waje kwangu.

Mzee Maganga alinifuata pale pale. Sikumwamkia.

"Marahaba, kamanda," akaitikia shikamoo ambayo sikuitoa. Vijana wakacheka, nikazidi kukasirika.

"Mzee, nchi iko vitani. Tahadhari kabla ya hatari."

"Kweli kabisa. Handaki lako silikatai, mwanangu. Chukua thelathini, niachie kumi. Kwa hao kumi nitafika majini."

Kumi tu! Hakuniomba nichague kati ya vita na maji. Lakini mkubwa mmoja kutoka wilayani alikuwa aje kukagua, nami nilitaka aone watu arobaini kwenye mstari mmoja, sururu mabegani. Nikamjibu mzee kwamba kiu haijawahi kuteka nchi. Jibu lile nililipenda sana, hata jioni nikalirudia nyumbani. Mke wangu Nyamizi hakucheka.

Mzee yeye alikuwa amenijibu pale pale. "Wewe unatazama kaskazini," akasema, "na kikulacho ki nguoni mwako." Akakunja kamba zake akarudi Kwihara. Yule mkubwa tuliyemngoja hakuja, alipata safari nyingine.

Mvua zikaja. Kisima kikabomoka na kujaa tope, kazi ya miezi ikaenda. Handaki nalo likajaa maji, yakiwemo yaliyotiririka kutoka vyooni. Wanawake waliochoshwa na bonde wakaanza kuchota humo, maana lilikuwa hatua chache tu kutoka majikoni mwao. Nilipita nikawaona. Ningewakataza, ningewaambia wakachote wapi? Nikageuza uso nikaenda zangu kwenye gwaride.

Hazikupita wiki mbili, kuhara na kutapika kukaingia kijijini. Binti yetu Kalunde, mwenye miaka minne, alianza alfajiri. Jua lilipopanda tulikuwa njiani kumpeleka zahanati, mimi nasukuma baiskeli, mama yake amekaa nyuma amempakata. Aliomba maji njia nzima. Karibu na reli akanyamaza, nami nikadhani amelala, nikakazana kusukuma.

"Simama sasa, baba Kalunde," Nyamizi akasema.

Nikasimama. Akamfunika mtoto uso kwa khanga, kisha akaniambia, "Yale maji nilichota kwenye handaki lako. Hayakuwepo mengine."

Miaka yote tuliyoishi pamoja hakulirudia neno hilo. Heri angenitukana. Tulizika watoto wengine mwezi ule, na kila kaburi vijana wangu walilichimba kwa sururu zile zile. Adui niliyemngoja hakukanyaga kijijini kwetu hata siku moja.

Usinielewe vibaya. Vijana wetu waliokwenda mpakani waliilinda nchi kweli, na wengine mifupa yao iko huko. Anayewadharau mbele yangu huondoka barazani kwangu. Nchi isiyo na ulinzi ni nyumba isiyo na mlango. Lakini mlango hauwalishi watoto wala hauwanyweshi, mwanangu, na bunduki haijui kutibu kuhara.

Kwa hiyo utakapokaa na wenzako kugawa nguvu za watu na mali yao, sikiliza. Atakuja mtu amevaa vizuri, anazungumzia hatari kwa sauti kubwa. Mpe anachostahili, hatari zipo. Kisha mtafute yule asiyepiga kelele, mwenye kisima, mwenye zahanati, mwenye darasa lisilo na paa, umuulize anahitaji nini amalize kazi yake. Usimpe makombo, mpe kwanza kile ambacho asipokipata watu watakufa. Na mzee akikuomba kumi katika arobaini, mpe, hata mstari wako ukionekana mfupi. Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Mimi yalinijia nikiwa kijana wa miaka ishirini na sita, na bado ninaishi nayo.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio mapana kuliko mabega. Akujaalie umri mrefu, na siku yako itakapofika, watoto wako wakuzike wewe, usiwazike wewe.