Viti Vyangu Viwili Jukwaa Kuu

Jamani, nichekeni tu. Nilipolipia "haki ya kiti" kwenye uwanja wetu mpya hapa Kigoma, nilidhani nimemaliza kila kitu. Ujiji nzima nikaitangazia kwamba nina viti viwili jukwaa kuu. Nikamwalika baba yake Zuhura, binti niliyempelekea posa, mzee wa Kasingirima, aje akae na mkwewe kama waziri.

Tukafika mlangoni, yeye na kanzu iliyopigwa pasi, mimi na mito miwili ya kukalia niliyoitarizi jina langu. Nikamwonyesha mlinzi kadi, kifua mbele.

"Kaka, tiketi ziko wapi?"

"Tiketi za nini? Viti ni vyangu!"

"Ulilipia haki ya kuuziwa wewe kwanza tiketi za viti hivi kila msimu. Msimu huu hukuzinunua, tukamuuzia mwingine. Huyo nyuma yako."

Nikageuka. Alikuwa Rajabu, aliyempelekea Zuhura posa kabla yangu akakataliwa. Ana tiketi mbili mkononi.

"Shikamoo, baba," akasema. "Mwenzangu kapata dharura. Karibu tukakae."

"Marahaba, mwanangu!" Mzee akamshika mkono, kisha akanigeukia kwa upole. "Na wewe, utatusubiria wapi?"