Elisa Kaniibia Tumefumba Macho

Hasira ninayo mpaka leo, ndugu zangu. Nilijitolea kwenda kuhubiri mjini na vijana wenzangu wa usharika. Kwetu mlimani tunasali Kimeru, kwa hiyo sala ya Kiswahili niliikariri migombani wiki nzima, tena kwa sauti, mpumbavu mimi.

Jumamosi, sokoni Kaloleni, tukashikana mikono, tukafumba macho, tuombe kwa zamu. Akatangulia Elisa, tunayepakana naye shamba. Akaimwaga sala yangu yote, neno kwa neno, hadi "Bwana, liponye goti la mama yangu." Mama yake mzima kabisa! Goti lile ni la mama yangu mimi!

"Mwizi!" nikapiga yowe, mkono wake bado nimeushika.

Soko zima likatuzunguka na fimbo. Askari wa Bwana DC akaja mbio.

"Kakuibia nini?"

"Sala, afande."