Mishipa ya Fahamu

Juzi niliona mchoro wa mwili kwenye ukuta wa zahanati, Kibiti: nyuzi za njano zinatoka kwenye ubongo, zinashuka mgongoni hadi vidole vya miguu. Nikainamisha uso.

Nilipokuwa mtoto, bibi yangu alikanyaga kaa la moto jikoni asijue, hata ngozi ikanuka. Mganga wa zahanati akamwambia mama, "Mishipa ya fahamu ya miguuni imekufa. Ni sukari hiyo." Mimi nilishika neno fahamu tu, na nilivyojua, asiye na fahamu ni sawa na gogo.

Alasiri moja baadaye, kwetu Mbwera, bibi alikaa barazani akisuka ukili wa mkeka, mguu umefungwa kitambaa kinachonuka dawa. Shoga yangu Mwanaidi akaja, akataka kumwamkia. Nikamvuta mkono.

"Usijisumbue. Huyu hana fahamu tena, hata hajui kama tupo."

Tukacheka, tukampita.

Leo najua zilikufa zile nyuzi za miguuni tu. Kichwani bibi alikuwa mzima kabisa. Alasiri ile, nyuma yetu ukili uliacha kuchakacha. Kisha bibi akaiitikia shikamoo ambayo hatukuitoa:

"Marahaba, wajukuu zangu."