Majina ya Ng'ombe wa Rurambo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya tambarare karibu na Katogota, nilipata mshipa wa mtoto kwa sindano ya kwanza, nikavimba kichwa mpaka jioni. Titulaire, yaani muuguzi mkuu wa zahanati, alikuwa mzee mrefu mwenye maneno mengi. Kila alipochoma sindano alimhoji mgonjwa: shambani umepanda nini, shangazi yako aliolewa wapi. Niliona ni umbea tu wa mzee, na nilimpenda kwa umbea huo.

Ninyi wauguzi vijana mna vifaa vya kuchagua. Sisi tulifunga garoti, mpira wa kubana mkono ili mshipa uinuke, tukapapasa kwa kidole, tukaingiza kateta, kijibomba laini kinachobaki ndani na kupitisha seramu, maji ya dripu. Damu ikionekana nyuma ya kateta, umefika. Ukishazoea, mikono inafanya yenyewe.

Vita vilipofika tambarare tulikimbilia Uvira, Titulaire na mimi, tukapata kazi kwenye kituo kidogo upande wa Kalundu. Daktari Mkuu wa pale, mtu wa haraka, alitupokea kwa maneno machache: "Mukuje, kazi iko mingi."

Siku moja mwanajeshi mwenye cheo alimleta mwenzake aliyejeruhiwa, akasimama juu yangu na bunduki yake. "Ukikosa, utaona," alisema. Nilikosa. Nikakosa tena, mpaka Daktari Mkuu akaniondoa na kuingiza sindano mwenyewe. Tangu hapo nikawa naisimamia mikono yangu kama ya mwanafunzi: sasa shika hivi, sasa laza sindano. Kadiri nilivyoisimamia ndivyo ilivyozidi kuwa mizito. Kazi niliyoipenda ikawa inanitia hofu, na nililia sana.

Asubuhi moja mfugaji kutoka Rurambo, juu milimani, aliteremka na binti yake mgongoni. Kuhara kulikuwa kumemkausha, macho yamezama, mishipa imelala. Bila seramu asingefika mchana. Daktari Mkuu alikuwa anapasua mtu, na macho ya Titulaire siku hizo yalikuwa na ukungu. Nilibaki mimi. Nilichoma, nikakosa, na mikono ikaganda.

"Papa Titulaire, minye sitaweza," nilinong'ona.

Alimgeukia baba wa mtoto. "Papa, ngombe yako inaitwaka namna gani?"

"Muganga, mutoto iko nakufa, weye unauliza ngombe?"

"Taja tu. Huyu mama atarudilia nyuma yako."

Yule baba alimtazama binti yake, akataja. "Gaju."

"Gaju," nilisema, nikifunga garoti upya.

"Bihogo."

"Bihogo."

Milio ya risasi ilisikika upande wa bandari, lakini mimi nilikuwa namsikiliza yeye, nisipitwe na jina. Alitaja Sine, nami nikataja Sine. Tulipofika jina la Gitare niliona damu nyuma ya kateta, na seramu ikaanza kudondoka. Nilikaa chini kwa furaha.

"Yale maswali yangu yote haikukuwa ya mugonjwa," Titulaire aliniambia baadaye. "Ilikuwa ya mikono yangu. Ukiiangalia sana, inapata haya."

Jioni mtoto aliomba uji. Nilimsifia baba yake majina ya ng'ombe wake.

"Balibeba ngombe bote ku vita," alisema. "Tangu ile siku hakuna mutu aliniulizaka majina yabo."

Titulaire alishafariki, Mungu amlaze pema. Mimi nimestaafu, na kazi iliyobaki ni kuwa mgonjwa. Majuzi nilikwenda kutolewa damu, nikakuta muuguzi wa zamu ni dada niliyemfundisha mwenyewe. Aliponitambua, alichoma, akakosa mshipa.

"Mama, unisamehe," alisema. "Ni vile ni weye."

Niligeuza uso nikatazama dirishani, nikamwachia mkono wangu.

"Rudilia nyuma yangu," nilimwambia. "Gaju."